Kofia ya Mfalme Jabali

Kila asubuhi mimi huwa na kazi tatu kabla ya kwenda shule, na zote huzifanya mbiombio. Huchota maji kisimani kwa jirani, hufagia uwanja, kisha humpelekea Kuka chai. Kuka ndilo jina tunalomwita babu yangu, mzee Chrispinus. Chai yake hujazwa nusu kikombe tu. Si kwamba sisi ni wachoyo, la. Mikono yake hutetemeka, na kikombe kikijaa, chai huishia kwenye shati.

"Asante, Naliaka," aliniambia Alhamisi hiyo ninayotaka kuwasimulia. "Leo kuna nini shuleni?"

"Leo ni siku ya kilabu, Kuka. Leo namuua mfalme."

Kuka alikunywa funda moja, akakiweka kikombe chini polepole. "Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu. Ni mzee tu, hana kazi nyingine."

Alicheka kidogo kwa ule ufizi wake wenye meno machache. "Haya, nenda salama," akasema. Nami kwa akili zangu za siku ile sikuona kwamba nimesema neno lolote baya. Nilibeba mkoba wangu nikaondoka, huku nikiruka madimbwi ya mvua ya jana.

Sasa nieleze mchezo wenyewe, msije mkadhani mimi ni muuaji. Tunaishi Lurambi, kando ya mji wa Kakamega, na mimi niko Gredi ya Saba. Mwalimu Lynette, anayetufundisha Kiswahili, ndiye aliyeanzisha kilabu cha masimulizi. Mchezo wetu huchezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu. Mtu mmoja huwa msimulizi. Yeye hubuni nchi, watu wake na hatari zake. Wengine kila mmoja huwa na mhusika wake katika hadithi, na ndiye anayeamua mhusika huyo atafanya nini. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano mtu akitaka kuruka mto uliofurika, dadu hutupwa. Dadu letu lina pande ishirini. Likitoka kumi au zaidi, jambo limefaulu. Likitoka chini ya kumi, limeshindikana.

Msimulizi nilikuwa mimi. Nina mdomo, hilo silikatai, na Mwalimu Lynette alinichagua kwa sababu hiyo. Wachezaji wangu walikuwa watatu. Tyson alikuwa mpiganaji aitwaye Radi. Beverlyne alikuwa mpiga upinde, na alikuwa na farasi aliyempenda kupita kiasi. Jerotich alikuwa mganga wa majani. Jerotich hasemi sana, lakini hakuna kinachompita machoni.

Yule mfalme niliyetaka kumuua aliitwa Jabali wa Tano, mtawala wa Ufalme wa Mito Tisa, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu. Nilimbuni kwa dakika mbili. Nilimfanya asinzie kwenye kiti cha enzi, asahau majina ya mawaziri wake, na udenda umtoke mbele ya wageni. Kazi yake ilikuwa moja: afe kwa sumu karamuni, ili wachezaji wamsake muuaji. Mzee kama yule angefaa kwa lipi lingine? Hawezi kupigana. Hawezi kukimbia. Hata farasi hawezi kumpanda.

Tulikaa darasani baada ya masomo. Nilisimamisha atlasi yangu mezani, ikawa ukuta kati yangu na wenzangu. Niliwaambia kwamba naficha ramani zangu. Ukweli, na leo nausema bila kuzungukazunguka, ni kwamba nilikuwa naficha dadu. Kwa mwezi mzima, dadu likitoka namba nisiyoitaka, nilitaja namba ninayoitaka. Sikuhisi kwamba ni uongo. Nilijiambia kwamba hadithi yangu ni tamu, na dadu linaiharibu tu.

"Mfalme Jabali anainua kikombe chake," nilisimulia. "Ndani yake mna sumu. Je, itamuua? Natupa dadu."

Nilitupa nyuma ya atlasi. Likatoka tatu. Tatu! Sumu imeshindwa, mzee mzima wa afya, na mpango wangu wote chini.

"Kumi na tisa!" nikatangaza kwa sauti ya huzuni. "Mfalme amekufa."

"Naliaka," Jerotich akasema polepole. Alikuwa amekaa pembeni siku hiyo, na kwa pale alipokaa aliona nyuma ya atlasi. "Mbona hiyo ni tatu?"

Nilijaribu kulifunika dadu kwa kiganja, lakini Tyson alikuwa ameshainuka. Aliangusha atlasi kwa pigo moja. Dadu lilikuwa pale, na tatu yake juu.

"Kumbe!" Tyson akapaza sauti. "Kumbe umekuwa ukitudanganya siku zote! Lile daraja nililoanguka wiki jana, lilikuwa ngapi?"

"Na farasi wangu?" Beverlyne naye akadakia. "Farasi wangu alipoliwa na mamba, dadu lilikuwa ngapi?"

Niliinama kuiokota atlasi. Hapo ndipo walipojua. Tyson alipiga meza akapiga kelele, "Umetuibia! Umetuibia mchana kweupe!" Na bahati yangu mbaya, wakati huohuo naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Erastus, alikuwa akipita nje. Aliingia akatutazama, akalitazama dadu mezani, uso ukamkunjamana.

"Dadu na kuibiana," alisema. "Hii ni kamari."

Mwalimu Lynette alikuja mbio kutoka ofisini. Alijaribu kueleza kwamba hakuna anayecheza pata potea hapa, ni masimulizi tu. Mwalimu Erastus alimsikiliza hadi mwisho, maana si mtu wa kukata maneno ya mwenzake, kisha akatikisa kichwa.

"Mwalimu, mimi nimeona vijana wa mtaa huu wakiuza simu za mama zao kwa sababu ya kamari. Siwezi kuilea shuleni." Akalitia dadu kwenye kisanduku chetu cha madadu, akakichukua. "Alhamisi ijayo nitakuja na kisanduku hiki, nikae nitazame mchezo mzima. Nikiona ni masimulizi kweli, mtaendelea. Nikisikia tena mtu akilia kwamba ameibiwa, kilabu hiki kimefungwa."

Tulitoka. Langoni Tyson aliniambia kwamba yeye hachezi tena na mwongo. Beverlyne hakuniaga. Jerotich alisimama kidogo, akasema, "Mimi nitakuja, lakini si kama dadu limefichwa." Nilirudi nyumbani nimewakasirikia wote, kisha kabla sijafika kisimani nikagundua kwamba niliyemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Jumamosi tulipata mgeni. Alikuwa mzee Kipkoech, ambaye zamani alikata miwa chini ya Kuka kule upande wa Butali. Kuka alikuwa mnyapara wa wakata miwa kwa miaka thelathini. Hilo nililijua, lakini nililijua kama ninavyojua kwamba tuna kabati sebuleni. Sikuwahi kulifikiria.

Mzee Kipkoech alipofika mlangoni alivua kofia, akainama, akamshika Kuka mkono kwa mikono yake yote miwili. Mwenyewe ana mvi kichwa kizima. Nilishangaa kuona mtu mzima namna ile akisimama mbele ya Kuka kama mwanafunzi aliyeitwa kupewa zawadi.

Mama alipika ingokho, na kuku akipikwa kwetu, firigisi hupewa mkubwa wa nyumba. Hilo halina mjadala. Mama aliiweka kwenye sahani ya Kuka, juu ya obusuma, yaani ugali wetu, ingawa sote tunajua kwamba Kuka hawezi kuitafuna tena. Kuka aliichukua kwa vidole vinavyotetemeka, akamwekea Kipkoech.

"Mzee, hii ni yako," Kipkoech akakataa.

"Ni yangu. Ndiyo maana naweza kukupa," Kuka akamjibu, na wote wawili wakacheka.

Baada ya kula Kipkoech alinigeukia. "Wewe mtoto, unajua huyu ni nani?"

"Ni Kuka," nikasema.

"Aka! Hujui." Akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Shamba la miwa lina mistari mizuri na mibaya. Kuna ule ambao miwa imesimama wima, unakata huku unaimba. Kuna mwingine miwa imelala, imesongana, chini siafu tele. Nani anautaka huo? Hakuna. Wanyapara wengine walikuwanga wanawapa mistari mizuri ndugu zao. Huyu mzee alikuwanga anavunja vijiti, kimoja kwa kila mtu, kijiti kifupi ndicho cha mstari mbaya. Anaviweka kwenye kofia yake. Anakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Anaweka kofia chini, katikati yetu, kila mtu achukue mwenyewe na kila mtu aone. Kila asubuhi, miaka thelathini!"

"Kipkoech, umeanza," Kuka akanung'unika, lakini nilimwona amefurahi.

"Sijamaliza, Mzee. Siku moja kijiti kifupi kilimwangukia baba yako, Naliaka. Alikuwa kijana, na mguu wake ulikuwa umevimba, alikanyaga kisiki. Sisi wenyewe tukasema, Mzee, rudia kura, huyu ni mgonjwa. Unajua alisema nini?"

"Alirudia?"

"Alisema, 'Nikirudia leo kwa mtoto wangu, kesho kofia hii itakuwa kofia tu.' Akakataa kabisa. Sisi tukamwona ana roho ngumu. Halafu, mama yangu, akachukua panga. Mzee wa miaka sitini na nane, mnyapara, kazi yake si kukata! Akaingia kwenye ule mstari mbaya mbele ya mtoto wake. Alikata polepole sana, anapumzika, anakata. Sisi tukamtazama kidogo. Kisha mimi nikaacha mstari wangu nikaenda kuanza ule wa kwao kwa upande wa pili. Na huyu akaja, na yule akaja. Kabla ya saa sita umeisha."

Kipkoech alifuta macho kwa kiganja bila kuona haya. "Wenye shamba walitaka kumwondoa kwa sababu amezeeka. Sisi tulikataa. Tuliwaambia, tuna vijana wengi wa nguvu. Mwenye mkono kama ule ni mmoja."

Nilimwangalia Kuka, na mikono yake ikitetemeka juu ya magoti. Kwa kweli niliona fahari na aibu kwa pamoja. Miaka yote hii nimempelekea chai mtu mkubwa, nikidhani nampelekea mzee tu.

Mgeni alipoondoka niliketi karibu na Kuka, nikamwambia kila kitu: atlasi, tatu, kumi na tisa, farasi, kamari, kila kitu. Hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu.

"Kwa nini ulitaka huyo mfalme afe?"

"Kwa sababu sikujua mzee atafanya nini kwenye hadithi ya vita."

"Na sasa?"

"Sasa nafikiri najua. Lakini wenzangu hawaniamini, Kuka."

Aliinuka kwa shida, akaingia chumbani, akatoka na kofia yake ya pama. Ukingo wake umeliwa na panya upande mmoja, na rangi yake ni ya majani makavu. "Hii huwekwa katikati," akasema. "Si mbele yako. Katikati."

Jumatatu, wakati wa mapumziko, niliwaita wenzangu watatu. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi uongo wangu wote, mmoja baada ya mwingine, nikaisoma bila kuruka. Daraja la Tyson lilikuwa kumi na nne, hakupaswa kuanguka. Mlinzi aliyemkamata Jerotich alipata mbili, hakupaswa kumwona. Nilipofika kwenye farasi, nilimgeukia Beverlyne.

"Mamba alipata tano," nikasema.

"Farasi wangu alikuwa mzima?" Beverlyne akanitolea macho.

"Alikuwa mzima. Nisameheni. Nilitaka hadithi iende ninavyotaka mimi."

"Naliaka! Nililia kwa ajili ya farasi yule, wewe ukinitazama!"

Alinuna kwa dakika nzima. Tyson alikuna kichwa, akasema hasira zake bado zipo lakini angependa kujua mfalme ameishia wapi. "Sumu ilipata tatu, kwa hiyo hakufa," akasema. "Utamfanya nini sasa?"

"Njooni Alhamisi mwone," nikamjibu. "Na atlasi itabaki nyumbani."

Alhamisi Mwalimu Erastus aliingia na kisanduku chake, akasimama nyuma ya Mwalimu Lynette, mikono kifuani. Mawingu yalikuwa yameshatanda, kama ilivyo kawaida ya Kakamega alasiri. Nilikunja mikono ya sweta hadi kwenye viwiko. Niliweka kofia ya Kuka katikati ya meza, mdomo juu, nikasema, "Kuanzia leo kila dadu linatupwa humu. Kila mtu aangalie."

Kisha nikasimulia. Mfalme Jabali alikohoa, akautema ule mvinyo wa sumu, akaamka. Kumbe alikuwa hasinzii, alikuwa akisikiliza. Alisahau majina ya mawaziri, ni kweli, lakini hakusahau jina la mpishi, wala la mlinzi wa lango, wala la farasi yeyote zizini. Farasi wa Beverlyne alikutwa zizini mwake, mzima, anakula nyasi. Beverlyne alipiga makofi. Nilimsimulia yule mfalme kwa mikono inayotetemeka, kwa kucheka bila meno, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kumpenda.

Maadui walikuwa wakija. Njia yao ilikuwa moja, daraja la kamba juu ya Mto wa Tisa. Ilibidi mtu mmoja avuke hadi ng'ambo, azikate kamba za huko, kisha arudi upesi kwa kamba moja itakayobaki. Nani atakwenda? Mfalme Jabali alivua kofia yake, akaiweka chini, akasema kura itaamua. Waliokuwa kwenye kura walikuwa wanne: wahusika wa wenzangu watatu, na Tausi, mjukuu wa mfalme mwenye miaka kumi na mitano.

Tuligawana namba za dadu tano tano, na kumi na sita hadi ishirini zilikuwa za Tausi. Tyson alilitupa dadu kofiani. Kumi na saba. Kura ilikuwa ya Tausi.

"Rudia!" Tyson akasema. "Huyo ni mtoto!"

"Na ni mjukuu wake," Beverlyne akaongeza. "Mfalme anaweza kurudia. Si ni mfalme?"

Niliinuka. Sikupanga kuinuka, miguu iliinuka yenyewe. "Mfalme Jabali anasema, 'Kura hairudiwi. Nikirudia leo kwa mtoto wangu, kesho kofia hii itakuwa kofia tu.'" Niligusa ukingo wa kofia. "Kisha anachukua fimbo yake, anamshika Tausi mkono, na anasema, 'Lakini sikusema kwamba ataenda peke yake.' Mzee wa miaka themanini na mitatu anaanza kutembea kuelekea darajani. Anatembea polepole sana."

Tyson alisogeza kiti chake mbele.

"Radi anamfuata," Tyson akasema ghafla. "Naenda naye."

"Na mimi," Beverlyne akasema. "Farasi atambeba mfalme hadi mtoni."

"Mimi nilikuwa nimeshaanza kwenda," Jerotich akasema. "Mlikuwa hamniangalii."

Hapo tulisikia mtu akikohoa nyuma. Mwalimu Erastus alikuwa ameshusha mikono kutoka kifuani. "Samahani," akasema, kama mtu anayeomba kupita. "Huyo mzee akishuka kwenye farasi, nani atamshika mkono darajani? Mimi naweza kuwa mtu wa kumshika mkono?"

Mwalimu Lynette alimvutia kiti, nami nilimwona akiuma midomo ili asicheke.

Walivuka wote. Tyson alitupa dadu akapata kumi na sita, kamba ya kwanza ikakatika. Beverlyne alipata kumi na moja, ya pili ikakatika. Maadui walikuwa wakija mbio. Vijana walirudi kwa ile kamba iliyobaki, na Mwalimu Erastus akambeba Tausi mgongoni. Mfalme Jabali alibaki nyuma, ameishikilia kamba isiteleze, hadi wa mwisho akavuka. Sasa ilikuwa zamu yake.

"Kumi au zaidi, anafika," nikasema. "Chini ya hapo, mto unamchukua."

Nilichukua dadu, na hapo mvua ya mawe ikaanza. Enyi wasomaji, kama hamjawahi kukaa chini ya mabati ya Kakamega mvua ya mawe ikinyesha, hamjui kelele. Hata ukipaza sauti, mwenzako anaona mdomo tu. Giza liliingia darasani. Nilitupa dadu, nikainama juu ya kofia, na mimi ndiye niliyeliona kwanza.

Tatu. Tatu ileile, jamani!

Wiki moja kabla, tatu ilikuwa imemwokoa, nami nikamuua kwa mdomo wangu. Sasa tatu ilikuwa inamuua, na sikuwa na ninachotaka zaidi duniani kuliko mzee yule afike ng'ambo. Wengine walikuwa bado wanainuka vitini. Kidole kimoja tu kingetosha kuligeuza. Hakuna ambaye angesikia, na kwa giza lile hakuna ambaye angeona. Nilihisi kidole changu kikitaka.

Niliondoa mikono yangu mezani. Nilirudi nyuma hatua moja ili wote waone, nikainua vidole vitatu juu.

Wote waliinama juu ya kofia. Beverlyne alijifunika uso. Tyson, yule Tyson mwenye kelele, alikaa kitako akatazama sakafu. Hakuna aliyesema ameibiwa. Tulibaki vile, mvua ikipiga mabati, hadi ikapungua na sauti zikasikika tena.

"Kamba ilichomoka, mto ukamchukua akiwa bado ameishikilia," nikamaliza, machozi yakinitoka bila kuomba ruhusa. "Maadui hawakuvuka. Tausi aliichukua ile kofia, akaivaa."

Mwalimu Erastus alitoa kitambaa akapenga kamasi kwa nguvu, akasingizia baridi. Kisha akakisukuma kisanduku cha madadu hadi mbele ya Mwalimu Lynette.

"Nilikosea," akasema. "Kwenye kamari mtu hutazama dadu ajue amepata nini. Nyinyi mlilitazama mjue mtafanya nini. Endeleeni." Alipofika mlangoni akageuka. "Yule mtu wangu, aliyembeba Tausi. Alhamisi ijayo bado yupo, sivyo?"

"Yupo, Mwalimu," tukajibu kwa pamoja.

Nilipofika nyumbani Kuka alikuwa ameketi sebuleni, anasubiri chai ya jioni. Nilimrudishia kofia yake, nikaketi miguuni pake.

"Mfalme alipona?" akauliza.

"Alikufa, Kuka. Dadu lilitoka tatu. Wote waliona."

"Na wewe ulitaka nini?"

"Nilitaka aishi. Nilitaka sana."

Kuka aliigeuzageuza kofia mikononi. "Basi safari hii si wewe uliyemuua," akasema. "Sikiliza, Naliaka. Ukiongoza watu, kuna siku utataka kuwadanganya kwa jambo baya, na kuna siku utataka kuwadanganya kwa jambo zuri. Hiyo ya pili ndiyo ngumu. Mkono wako ukiwa wazi siku zote mbili, watu watakuamini, na watakufuata hata siku ambayo huwezi kuinua kikombe."

Aliivaa kofia, ile ya panya, palepale ndani ya nyumba. Nilileta birika nikammiminia nusu kikombe, kama kawaida. Kisha nikafikiri kidogo. Nilikishika kikombe kwa upande mmoja, naye akakishika kwa upande wa pili, nikakijaza hadi juu.

Alikunywa yote. Ilimwagika kidogo tu, kwenye mkono wangu.